Hewa ya Juu ya Nyumba ya Mama

Pu!

Mara moja tu, kisha kimya. Heriberto alifumbua macho gizani akaitazama dari. Kitu kizito kilikuwa kimeanguka ghorofani, juu kabisa ya kitanda chake. Akasubiri. Kitu kikianguka huwa na wafuasi: tusi la aliyekiangusha, kiti kinachosogezwa, nyayo. Hakuna kilichofuata. Akanyoosha mkono akauchukua ufagio ulioegemea ukuta, akaigonga dari kwa mpini, ko-ko, kama anavyogonga kila mwezi baada ya kikapu cha kodi kuteremshwa kwa kamba kutoka roshani ya juu. Siku zote kisigino cha mtu wa juu humjibu, ko. Usiku ule kisigino hakikujibu. Akagonga tena. Kisha akalala macho wazi, ufagio kifuani, mpaka majogoo ya Medellín yakaanza kubishana mlima mzima.

Kijiwe cha Heriberto na wenzake kilikuwa pale ngazi za mtaa zinapopinda, mkabala na nyumba yake: ubao mmoja mrefu juu ya ndoo mbili za rangi zilizojazwa zege. Hapo hukaa wenye nyumba, au tuseme wenye robo za nyumba, maana hakuna aliyekuwa na zaidi ya chumba kimoja au viwili vya kupangisha. Katika mlima ule mtu anayezeeka bila pensheni humwaga zege juu ya kichwa chake, huweka mpangaji juu ya zege, na mpangaji humlisha. Kwa hiyo mazungumzo ya ubao ule yalikuwa ya aina moja tu, kama sala ya jioni: bomba lililopasuka, bili ya umeme iliyoachwa, kitasa, mkataba, mdhamini. Kila mmoja alimwogopa mpangaji wake, na kila mmoja alikunywa kahawa ili kuupa woga kitu cha kutafuna.

– Ghorofa! Mbona uso leo kama sukari guru iliyonyeshewa?

Ghorofa ndiye Heriberto; jina alipewa siku alipomaliza ngazi za chuma za kupandia juu. Aliyemwita ni doña Nubia, muuza kahawa, ambaye themosi zake husafiri ndani ya kigari cha mtoto, na habari za mtaa husafiri ndani ya kinywa chake. Walimwita Redio.

– Kitu kimeanguka usiku kwa mpangaji wangu, alisema Heriberto. Mara moja. Tangu hapo kimya.

– Kitu au mtu?

– Sijui.

– Umegonga mlango?

– Nimegonga dari. Kwa ufagio.

– Kwa ufagio! Redio akapiga kofi paja lake. Mtu pengine anakata roho, wewe unamfagilia.

Sementi, fundi mzee aliyelimwaga zege la ghorofa ile kwa mikono yake, alisogeza kofia nyuma. Huyu hakuwahi kukosa methali, na hakuwahi kuipata iliyo sahihi.

– Tulieni. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Huyu kaanguka. Basi hakuwa anakwenda pole, alikuwa anakimbia. Swali langu ni moja: mtu anakimbia nini chumbani kwake usiku, amefunga mlango?

Heriberto aligusa mfuko wake.

– Nipande nifungue? Ninao ufunguo wa akiba.

– Thubutu!

Huyo alikuwa Nusu Wakili. Alisoma sheria mihula miwili kabla ada haijamshinda, na tangu hapo hujifunga tai hata Jumapili. Alikipandisha kikombe kama anayeapa mbele ya hakimu.

– Mlango wa mpangaji ni mpaka wa nchi, Ghorofa. Ukiuvuka bila ruhusa, wewe ndiye mwizi ndani ya nyumba yako. Mimi yule fundi viatu wangu alikaa bila kulipa mpaka nikasahau sura ya pesa yake. Nikabadilisha kitasa. Kitasa tu, jamani! Alirudi na karatasi ya mahakama mkono huu na arepa ya mahindi mkono huu, akaketi kizingitini anakula, ananitazama. Nikamfungulia mwenyewe. Nikamwomba na radhi.

– Tena ulimpa chumvi, Redio akamkumbusha.

– Nilimpa chumvi, ndiyo. Ningefanyaje?

Walicheka, lakini kidogo, kwa midomo. Macho yao yalikuwa juu, kwenye mlango wa kijani mwishoni mwa ngazi za chuma. Pazia la roshani lilikuwa limefungwa. Kikapu kilining'inia kwenye kamba yake, kitupu, kikizungushwa na upepo.

– Sasa mpigie mdhamini wake, alisema Nusu Wakili. Ndiyo kazi ya mdhamini. Yeye aje na shahidi, mpande pamoja, mlango ufunguliwe kwa amani. Mdhamini wake ni nani?

Heriberto alipuliza kahawa yake, ingawa ilikwisha poa.

– Ghorofa. Mdhamini wake nani?

– Hana.

Ubao ulitikisika kwa jinsi walivyogeuka wote kwa pamoja.

– Hana? Sementi alishika magoti. Wewe? Wewe uliyetukaririsha hapahapa kwamba mpangaji bila mdhamini ni ngazi bila ukuta? Ulimfukuza mwalimu mzima na watoto wake kwa sababu mdhamini wake alikuwa na nyumba ya mbao!

– Alilipa mwezi wa kwanza.

– Mkataba?

– Tulikubaliana kwa mdomo.

– Kwa mdomo! Redio akajimiminia kahawa mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya bila msiba. Haya, alikuja kwa mdomo wa nani? Hakuna mtu anayeota tu getini kama uyoga. Nani alimleta?

Mkono wa Heriberto ulikuwa mfukoni, umeushika ufunguo wa akiba mpaka meno ya ufunguo yakamwuma kiganjani. Hakuna aliyemleta. Alikuja mwenyewe msimu wa mvua, mwembamba, kofia ameishika kwa mikono miwili kama sahani ya ombaomba, akasimama getini. Miaka thelathini ilikuwa imemla mashavu na kumpinda mgongo, wala hakuna mtu kijiweni aliyemtambua tangu siku ile. Heriberto alimtambua kabla hajainua uso. Ndugu hutambulikana kwa namna anavyosimama kusubiri kugombezwa.

Alikuwa mdogo wake, mtoto wa mwisho wa mama.

Nyumba ile, kabla ya zege na ngazi, ilikuwa ya mama yao: chumba kimoja, bati, na mbingu. Mlimani pale mbingu nayo ni mali. Asiye na uwezo wa kujenga juu huiuza hewa ya juu ya nyumba yake kwa mwenye uwezo, na mnunuzi hujenga hewani kama ndege. Heriberto alikuwa mbali, akiendesha malori ya pwani, mdogo wake alipoiuza hewa ya juu ya kitanda cha mama yao kwa watu wasiojulikana, akachukua pesa na begi, akaondoka. Mama alipata habari siku bati lilipong'olewa na nondo zikaanza kuota juu ya kichwa chake. Akazeeka chini ya nyayo za wageni. Kila waliposogeza kiti, yeye alishika rozari. Siku ya kumzika, Heriberto aliapa mbele ya jeneza kwamba lile jina halitapita tena kinywani mwake, na mtaa mzima ukamsaidia kuutunza ule ukimya. Hata Redio, ambaye hakuwahi kuutunza mwingine. Kisha akafanya kazi ya punda miaka na miaka mpaka akainunua ile hewa ikarudi, pamoja na ghorofa iliyojengwa humo.

Na mwenye kuiuza akaja kuomba kupanga ndani yake.

“Kodi ni ileile wanayolipa wengine,” Heriberto alimwambia getini. “Ngazi ni ya nje. Usiniite, sitakuita.”

“Sawa, don Heriberto,” mdogo wake alijibu. Don, yaani bwana! Kama anayemjibu karani wa benki. Hayo ndiyo yakawa maneno yao ya mwisho. Yaliyobaki walisemeshana kwa ufagio na kisigino.

– Naona hataki kusema, alisema Redio. Basi niseme mimi. Yule mtu hayuko peke yake. Mpangaji anayepita alfajiri kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, anapangisha kwa wengine. Mimi si nilipangisha gereji yangu kwa saluni? Wasichana wazuri, vioo, kila kitu. Nikiuliza mbona usiku kuna kelele, naambiwa ni mashine za kukaushia nywele. Siku nimeingia, nakuta majogoo ya kupigana, mabanda mpaka darini! Na lile kubwa kuliko yote limekaa kwenye kiti cha wateja.

– Majogoo hayaangushi kitu kizito, alisema Sementi. Mimi najua ni nini. Anabomoa.

– Anabomoa nini?

– Sakafu. Wapo watu hapa mjini wanaopanga nyumba ili watoboe kuta, wakitafuta pesa zilizofichwa na wale wakubwa wa zamani wa dawa za kulevya. Wanagonga, wanasikiliza, wanatoboa. Chanda chema huvikwa pete, na ukuta mnene huvikwa noti. Atafika chini, Ghorofa. Siku moja utaamka na mguu wake kwenye supu yako.

– Lakini zege ulilimwaga mwenyewe, alisema Redio. Kuna nini ndani?

– Saa yangu ya mkono, Sementi alikiri kwa huzuni. Ilinidondoka. Lakini yeye hajui kwamba ni saa tu!

Nusu Wakili hakucheka. Alilegeza tai, na alipolegeza tai watu walijua linakuja jambo.

– Heri atoboe. Je, akiwa anapika? Mnanielewa: anapika unga ule, na usiku pipa limemponyoka. Serikali ikija haimwulizi mpangaji nyumba ni ya nani. Inaichukua. Chini, juu, na ngazi. Wewe utasimama mahakamani uthibitishe kwamba hukujua, na watakuuliza swali nililokuuliza mimi: nani mdhamini? Mkataba uko wapi? Utajibu nini? Mdomo?

– Hapiki, alisema Heriberto.

– Umejuaje?

– Najua tu.

– Ndivyo wanavyosema wote, siku ya kwanza.

Upepo ukakizungusha kikapu. Redio akajikunyata ndani ya sweta yake, akasema kwa sauti ya chini ambayo hawakuizoea kwake:

– Na kama amekufa?

Hakuna aliyekunywa. Katika woga wote wa ubao ule, huo ndio uliokaa chini kabisa, kama unga wa kahawa.

– Akifa humo, alisema Nusu Wakili polepole, ndiyo balaa kubwa. Mpangaji mkorofi utamshtaki. Mpangaji mwizi utamkimbiza. Marehemu hapokei notisi. Vitu vyake huruhusiwi kuvigusa mpaka warithi waje, na warithi huwajui, maana jina lake lenyewe… Nyumba itawekewa utepe. Itakaa. Na nyumba aliyofia mtu peke yake, nani ataipanga tena?

– Wataona taa inawaka, Sementi akaongeza. Watasikia ko, ko, ko. Ghorofa atagonga kwa ufagio, na kitu kitamjibu.

– Nyamaza, wewe! Redio akamkemea.

– Nasema tu! Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

– Hiyo inahusu nini hapa?

– Sijui. Imenijia.

Heriberto alikuwa hawasikii tena. Alikuwa anasikia ule mshindo mmoja, pu, uzito wake, na alikuwa anaupima. Alifanya kazi ya malori. Alijua uzito kwa sauti. Gunia la mahindi husema neno jingine. Kabati husema mengi. Ule ulikuwa uzito wa mtu mwembamba. Alijua tangu usiku. Alijua, na akagonga kwa ufagio, na akasubiri asubuhi, na akaja hapa kutafuta watu watakaomwambia asifungue. Nao walikuwa wamemwambia. Kwa nini basi ufunguo ulikuwa bado unamwuma?

– Samahani, wazee. Nyumba hii ya ngazi za chuma ni ya nani?

Alikuwa binti wa mita za maji, mgeni katika mtaa, fulana ya kazi bado ina mikunjo ya dukani. Jasho la mlima lilimtiririka.

– Yangu, alisema Heriberto.

– Shikamoo, don. Mita yako ya chini imetulia, lakini ya juu inazunguka kama feni. Kuna bomba limeachwa wazi huko. Nimebisha hodi ngazini, kimya.

Wote walisimama. Ndipo wakaona kile ambacho macho yao, yaliyokuwa yanatazama mlango, hayakukiona: chini ya roshani ukuta ulikuwa umelowa. Doa refu jeusi lilishuka taratibu kuelekea dirisha la Heriberto.

– Mama yangu, alinong'ona Redio. Isije ikawa damu.

– Acha ujinga, alisema Sementi. Hayo ni maji. Damu nzito kuliko maji, haiwezi kupenya zege langu.

Kikombe kilimponyoka Heriberto. Hakikuvunjika, kilikuwa cha plastiki; kilidunda, kikateremka ngazi za mtaa kikigonga kila kipandio, na wote wakakisikiliza mpaka kikakoma.

Binti wa mita aliwatazama mmoja mmoja. Hakuelewa kwa nini watu wazima wanne wamesimama mkabala na nyumba wakiitazama kama inaungua.

– Kwani kuna mtu humo?

– Kuna mpangaji, alisema Nusu Wakili. Lakini suala lenyewe kisheria…

– Mmemwita?

– Mwenye nyumba amegonga. Kwa ufagio.

– Kugonga nimegonga hata mimi. Nasema kumwita. Kwa jina lake. Bibi yangu alipoanguka bafuni tuligonga mlango mpaka mikono ikavimba, hakutikisika. Dada yake alipofika akamwita jina, akaguna. Huyu anaitwa nani?

Lilikuwa swali rahisi, kama la mtoto. Nusu Wakili alikaza tai. Sementi alitazama kofia yake, akaigeuza, labda methali imeandikwa ndani. Walikuwa wamempa yule mtu majogoo, mapipa, nyundo, warithi, hata mzimu. Jina hawakuwa nalo. Redio, aliyejua majina ya mbwa wa mtaa wa tatu, aliinamisha themosi juu ya kikombe ili mikono iwe na kazi. Likatoka tone moja. Akaitikisa.

– Kahawa imekwisha, alisema, kwa sauti ya mtu anayetangaza kifo.

Heriberto alikuwa amekwisha vuka njia.

Zile ngazi za chuma alizijenga yeye, lakini tangu mpangaji aingie hakuzikanyaga. Sasa zilitetemeka chini yake. Nyuma yake walimfuata mpaka chini ya ngazi, na hapo miguu yao ikaishia.

– Ghorofa! Nusu Wakili aliita. Ukifungua, fungua mbele ya mashahidi! Sisi ni mashahidi! Tuko huku huku!

Mlango wa kijani. Nyuma yake maji yalikuwa yanamwagika, sauti ndogo, isiyo na haraka. Alitoa ufunguo wa akiba. Ulikuwa na unyevu wa kiganja chake. Akauingiza, ukaingia nusu, ukagota. Akausukuma. Akautoa, akainama, akachungulia tundu la kitasa: giza. Ufunguo mwingine ulikuwa umeachwa ndani, kwa upande wa pili. Mtu alikuwa amejifungia, na ufunguo wake ukauziba mlango kama ulimi uliokataa kusema.

Akabisha. Ko-ko. Akaweka sikio kwenye mbao asikie kisigino.

Maji tu.

– Bwana! aliita.

Maji.

– Wewe! Wa humo ndani! Mpangaji!

Sauti yake ilikuwa ya mwenye nyumba, na ilianguka pale pale mlangoni, kama bili inayosukumwa chini ya mlango na hakuna anayeiokota. Chini, binti wa mita aliuliza tena, taratibu, kama haulizi yeyote: “Kwani hana jina?”

Heriberto aliegemeza paji la uso kwenye mbao. Alikuwa amesimama mahali hasa palipokuwa hewa. Chini ya nyayo zake kilikuwa kitanda chake, na kabla ya chake kilikuwa cha mama. Alikumbuka jinsi mama alivyokuwa akiliita lile jina jioni kutoka mlangoni, akilivuta mwisho wake mpaka likashuka mlima mzima, na mtoto popote alipo, hata akiwa amekosa, hata akijua kuna fimbo, alikuja. Jina lilikuwa limelala kooni tangu siku ya jeneza, na alipolisukuma lilikwaruza kama geti lililoshika kutu. Akajaza kifua. Akaita, akauvuta mwisho kama mama alivyouvuta, mpaka waliokuwa chini wakalitambua, na Sementi akavua kofia:

– Aldemaaar!